Kilichopungua

Siku ya tatu baada ya upasuaji, daktari alimletea Mzee Theofili nyonga yake ya bandia ndani ya bakuli, kwa kuwa mwenyewe aliomba kuiona. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na hicho chuma kilichotolewa alikuwa amekibeba mwilini miaka kumi na mmoja.

Alikipima kiganjani. Kichwa chake cha mviringo bado kiling'aa, lakini shingoni palikuwa na vishimo, na unga mweusi ukamganda kidoleni.

"Kimepungua," alisema.

"Kidogo sana, mzee."

"Hicho kidogo kiko wapi?"

Daktari aligusa vile vishimo. "Vyuma vilikuwa vinasuguana, na majimaji ya mwili yakavila. Chembe zake zimeingia kwenye damu. Figo zitazitoa polepole."

"Zisipozitoa?"

"Tutaendelea kukupima."

Daktari alipoondoka, Bi Anastazia alisogeza kiti karibu na kitanda cha mumewe.

"Nilikuambia jasho lako linanuka chuma, ukanicheka."

"Nilijua. Mwaka mzima ulimi wangu ulikuwa na ladha ya msumari."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini, mama? Kwamba ninageuka chuma?"

Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Bi Anastazia alichukua kitambaa cheupe, akampangusa taratibu. Kisha akakitazama kile kitambaa, akaona unga mweusi, akakikunja upesi na kukifumbata mkononi.

"Vipi?" mumewe akauliza.

"Hakuna kitu, baba. Lala."