Kufunga Mdomo

Kitendawili. Tega masikio, mjukuu wangu, mdomo uache ulivyo: mgeni wangu hupenda sana kukaa kwangu, lakini nikimwambia "karibu" tu, ameshatoka. Ni nani? Usijibu. Ukijibu kwa sauti umekosa. Kaa nacho mpaka Klaudia amalize kusali, na Klaudia, nakuonya, hamalizi upesi.

"Wewe Baba Julius! Unakula migombani kama mbuzi!"

Ndivyo Klaudia wa Izimbya alivyompokea mumewe Anatory, siku ile ya Kwaresma alipomwona anatokeza kati ya migomba na sahani tupu mkononi.

Ilikuwa hivi. Jumatano ya Majivu padre alisema kanisani: "Kwaresma hii fungeni mdomo. Mungu anataka kusema nanyi, hapati nafasi." Klaudia akafunga. Alifunga chai ya asubuhi, akafunga uji, akafunga mpaka kahawa ya kutafuna. Chakula kikabaki kimoja tu, cha jioni, baada ya rozari. Maneno hayakupungua hata moja. Nadhani njaa iliyaongeza.

Na mumewe alitakiwa kufunga naye. Lakini sufuria ya ndizi aliyoiacha Klaudia jikoni ikisubiri jioni, kila akirudi anaikuta imechimbwa shimo upande mmoja.

"Mama Julius, hizo ndizi..." Anatory alianza.

"Hizo ndizi zina Kwaresma! Wenzako wanapambana na shetani, wewe unapambana na sufuria!"

"Nilitaka kukuambia..."

"Kamwambie padre!"

Anatory akafunga mdomo. Yeye alikuwa na mazoezi.

Usidhani Klaudia alikuwa mtu mbaya. Alikuwa na kidonda. Mtoto wao Julius aling'oa mibuni ya babu yake ili apande vanila. Vanila ikakauka, na mama mtu akampigia kelele zilizofika barabarani: usikanyage tena hapa! Kwa mara ya kwanza maishani mwake, Julius akatii. Miaka imepita, namba yake haipatikani, na Klaudia hakujua kama anamwombea mzima au marehemu.

Kwa hiyo kila jioni alipiga magoti mlangoni, akasali kwa sauti ya kuvuka shamba. "Bwana, Julius wangu yuko wapi? Mrudishe nimwambie niliyomwekea! Kwanza, mibuni ya watu. Pili, kuzima simu. Tatu..." Hiyo ya tatu ilikuwa na matawi. Kisha Amina, na Amina haijatua, anauliza nani kahamisha chumvi.

Ng'ambo ya migomba aliishi mzee Rugaibula, peke yake na redio yake isiyojua kupumzika. Wiki hiyo hata yeye alianza kuizima, kila Klaudia akianza kusali.

"Umeona?" Klaudia alimwambia mumewe. "Sala zangu zinafika mpaka kwa Rugaibula."

"Zinafika kweli," Anatory alisema. "Tena zinamtisha..."

"Acha zimtishe! Nyamaza, nisali."

Ijumaa, baada ya Njia ya Msalaba, Klaudia alimshtaki mumewe kwa katekista, Vestina.

"Anaiba ndizi, Vestina. Padre kasema tufunge mdomo, wa kwake uko wazi kama lango la soko."

Vestina akaitazama midomo ya Klaudia iliyokauka. "Ma Klaudia, kwani wewe huli?"

"Nitakulaje, na padre kakataza?"

"Waitu! Padre alisema tufunge maneno. Tunyamaze kidogo, tumsikilize Mungu. Kula, mama, utatuangukia hapa."

"Maneno? Sasa mbona hakufafanua?"

"Alifafanua. Ulikuwa unanisimulia harusi ya Safina."

Klaudia alirudi nyumbani polepole. Njiani alikutana na watu, akawasalimu, akapita. Watu wakageuka kumtazama. Mmoja akamfuata kuuliza kama kuna msiba.

Jioni akapiga magoti palepale mlangoni. Anatory akakaa kwenye kigoda chake, akajiandaa kwa safari ndefu.

"Bwana, Julius wangu yuko wapi?"

Klaudia akafungua kinywa kwa ajili ya "kwanza". Akakifunga.

Ilikuwa kazi kuliko kupalilia. Maneno yalimtambaa kooni kama senene waliofungiwa mfukoni, kila mmoja anatafuta tundu. Akayabana. Akasikia maharage yakichemka. Akasikia majani ya migomba yakisuguana. Halafu akalisikia swali lake mwenyewe, limeachwa peke yake bila kelele za kulisindikiza, na kumbe lilikuwa swali kweli, la mtu anayetaka jibu. Machozi yakamtoka, naye hakuyasemea neno.

Ng'ambo kwa Rugaibula, redio ilikuwa imezimwa.

Anatory alikohoa. Akasubiri kukatizwa. Hakukatizwa. Akamtazama mkewe, akakohoa tena, safari hii kwa mshangao.

"Yuko kwa Rugaibula," alisema. "Anamalizia ndizi zako."