Mkono wa Bi Tausi

Mwasiti ndiye aliyeanzisha kundi la simu la wapenda mazoezi wa mtaani kwao, na ndiye aliyemkaribisha humo Hidaya, mwenye ukumbi mpya wa mazoezi ng'ambo ya barabara, mkabala na ukumbi wake mwenyewe. Asubuhi ile Hidaya alituma video. Bi Tausi, mama mzee aliyepigwa na kiharusi, alikuwa akiinua mkono wake wa kushoto hadi usawa wa sikio. Watu sitini walikuwa wamekwisha kumpongeza Hidaya.

Mwasiti aliitazama mara nne. Mwaka mzima aliukanda na kuunyoosha mkono ule, lakini haukuvuka bega. Kwa Hidaya, miezi miwili tu! Roho ikamuuma kama mtu aliyeibiwa. Akiwa msimamizi wa kundi, akaifuta video isionekane na yeyote.

Hazikupita dakika kumi, Bi Tausi akapiga simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Video yangu siioni tena. Uliiwahi?"

"Niliiona."

"Mbona hukusema neno? Mimi ndiye niliyemwambia Hidaya aitume kwenye kundi, uione. Wewe uliuanza mkono huu ukiwa kama gogo."

Mwasiti alisogea dirishani, akautazama ukumbi wa ng'ambo.

"Basi nakuja, uuone wenyewe."

Mwasiti alipofungua mlango wa ukumbi wake, Bi Tausi alikuwa amekwisha kuvuka barabara, anatabasamu. Nyuma yake alikuja Hidaya, amemshikia mkoba. Mwasiti akasogea pembeni kidogo, kiasi cha kupita mtu mmoja.