Koti la Mikia la Leonard

"Havai shati," alisema Bi Edna. "Mwanangu hatatokea mbele za watu na shati jeusi kama mhudumu wa baa."

"Si mimi ninayetaka, mama. Ni yeye," Lorraine akajibu. "Kaniambia mara mia. Mwaka huu kwenye mashindano ya dansi ya Blackpool sivai koti la mikia, nimechoka kufanana na pengwini."

"Pengwini!" Bi Edna aliweka kikombe chini. "Pengwini huyo ndiye aliyekushindia vikombe kumi na viwili, binti. Sikukusikia ukilalamika ulipokuwa unavibeba."

"Sikulalamika. Nasema tu alichosema."

Lorraine alikuwa amecheza dansi na Leonard miaka kumi na mmoja. Hakuwa mkewe wala mchumba wake, na Bi Edna alipenda sana kumkumbusha hilo. Leo hakujisumbua. Alimtazama tu: nywele zimelazwa kwa mafuta na kubanwa nyuma, hazitikisiki, wanja umepakwa kwa mkono uliotulia. Miguuni alikuwa na soksi tu. Viatu vya visigino vilikuwa kando ya kiti.

Nje mvua ya Mei ilikuwa ikipiga barabara ya ufukweni, na tramu zilipita zimejaa wageni. Nyuma ya mlango wa pili Leonard alikuwa akivalishwa. Koti la mikia, lile la dansi lenye ncha mbili ndefu nyuma, si nguo ya kuvaa peke yako. Lina mikanda ya ndani, pini, kola ngumu na tai nyeupe, na lazima mtu avute huku mwingine akifunga.

"Watu wamekuja hata kutoka Italia," alisema Bi Edna. "Waamuzi watatu wako ukumbini tangu asubuhi. Unataka wamwone bila koti?"

"Waamuzi hao hao ndio waliopitisha ruhusa, mama. Nusu ya vijana wanacheza na shati siku hizi."

"Nusu ya vijana hawajui hata kusimama."

"Leonard anajua kusimama."

"Kwa sababu ya koti langu! Ulishawahi kuniona nikimpima? Nusu saa nzima mikono juu, amekumbatia hewa kama amekushika wewe, mimi nazunguka na chaki na pini mdomoni. Koti linakatwa hivyo hivyo, mikono ikiwa juu. Ndiyo maana akicheza mabega yake yanalala kama meza. Shati lako la dukani litafanya hivyo?"

"Halifanyi," alisema Lorraine. "Hilo analijua. Hataki tu."

Bi Edna alichukua tena kikombe, akanywa. Tangu Jumanne hakuwa akisikia ladha ya kitu. Chai, samaki wa kukaanga alioletewa na jirani, hata sigara, vyote vilikuwa kama karatasi. Aliyasikia maneno yake mwenyewe kwa mbali, kama ya mama mwingine akibishana chumba cha pili.

Jumapili waligombana kwa koti hilo hilo, yeye na Leonard, jikoni. Alimwambia kwamba babake alivaa mikia, na mwalimu wake alivaa mikia, na kama anaionea haya kazi ya mama yake aseme. Leonard alimjibu, "Mama, huu ni mwili wangu, si mdoli wako wa dirishani." Akaondoka bila kumaliza chai. Hawakusemezana tena tangu siku hiyo.

"Usiku ule alipita kwangu," alisema Lorraine, kana kwamba ameyasoma mawazo yake. "Alikuwa na hasira, halafu akacheka. Alisema, mama atakuja kukubali. Atachelewa, lakini atakubali."

"Alisema hivyo?"

"Ndivyo alivyosema."

Bi Edna alitoa kitambaa akafuta meza palipokuwa safi.

Mlango wa pili ukafunguliwa. Bwana Ormerod, msimamizi, alisimama pale na suti yake nyeusi na glavu za kijivu. Alikuwa mtu mpole wa sauti ya chini.

"Bi Edna, samahani. Tumebakiwa na dakika ishirini. Kola imekaa, tai imekaa. Tatizo ni mabega."

"Yamefanyaje?"

"Yamepanda. Yanagusa masikio. Tumevuta, tumelainisha, wapi."

Bi Edna alielewa papo hapo, hakuhitaji kwenda kuona: koti lilikatwa mikono ikiwa juu, na sasa iko chini. Miaka arobaini anashona makoti ya mikia, na jambo hilo halikumpitia kichwani hata mara moja. Alitegemea kuona aibu, au uchungu, au chochote kile. Hakikuja.

"Naweza kuchana mshono wa nyuma," alisema Bwana Ormerod. "Litatulia. Mgongo hautaonekana na mtu."

Lorraine aliinamisha kichwa.

"Usichane," alisema Bi Edna. "Lorraine, nipe hilo shati."

Lilikuwa kwenye mfuko wa karatasi, limeshapigwa pasi. Bi Edna alipitisha kidole gumba kwenye mshono wa bega, kwa mazoea.

"Uzi mbovu," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Vaa viatu vyako. Njoo unisaidie."

Waliingia wote wawili. Bi Edna alimvua mwanawe koti, akamvalisha shati jeusi na kufunga vifungo vyote isipokuwa cha juu. Kisha akaishika ile mikono, baridi kama mkasi, akailaza mmoja juu ya mwingine kifuani, na akamwambia Bwana Ormerod kwamba sasa anaweza kufunika jeneza.