Bi Mtetea na Ndoo ya Maji

Kuku mmoja mwenye maringo, Bi Mtetea, alifungua genge la mayai mabichi. Biashara ilikwenda, ila ndoo ya maji iliyowekwa gengeni ilimkera. Kila mteja alitumbukiza yai majini kwanza: likizama, zima, likielea, bovu.

"Yai nimelitaga asubuhi hii hii, mnaliogesha kama maiti!" alifoka. "Basi kuanzia leo nauza yaliyomo tumboni tu. Hakuna mabichi kuliko hayo."

Wateja wakapigana vikumbo. Wa kwanza alikuwa Kenge, ambaye hakuwahi kuamini neno la mtu.

"Nipe moja, mama. Lakini nalipima kwanza."

"Utalipimaje, nalo bado limo ndani?"

"Humo humo lilimo," akasema Kenge. Akambeba Bi Mtetea mzima mzima, akamtumbukiza ndooni.

Bi Mtetea akaelea.

"Bovu!" wateja wakaguna, wakatawanyika.

"Ninayeelea ni mimi, si yai!" alipiga kelele, mbawa zimerowa chepechepe. Hakuna aliyegeuka.

Tangu siku hiyo Bi Mtetea hushinda akidonoa kokoto na kuzimeza, apate uzito. Genge, anasema, litafunguliwa tena akishazama.