Ziwa Likipumzika

Thelma aligeuza kompyuta ili Félix asome mwenyewe. Kila mwanamke muuza samaki wa Mununga alikuwa amejibu kwa maneno yaleyale: "Ziwa likipumzika, familia nazo hujifunza ustahimilivu."

"Njia ya mwongo ni fupi, Félix," alisema mkuu huyo wa ofisi, bila ukali. Alikuwa amechoka hata kugomba. "Hii imeandikwa na mashine."

Félix naye alikuwa hoi. Utafiti wao ulihusu jinsi familia za kando ya ziwa Mweru zinavyoishi miezi ile uvuvi unapofungwa, na sharti lilijulikana na kila mfanyakazi pale Nchelenge: akili mnemba inaweza kukusaidia kunyoosha maandishi yako, lakini isiseme kwa niaba ya mtu. Ukivunja, kazi basi. Félix ndiye aliyewakumbusha wenzake sharti hilo mpaka wakachoka naye, wakamwita Pasta. Na mshahara wake ndio uliolisha nyumba nzima kule kwenye makazi ya wakimbizi ya Mantapala, tangu walipovuka kutoka Kongo.

Alijieleza alivyoweza. Wale akina mama walikataa kurekodiwa sauti, kwa hiyo aliandika kwa mkono kama walivyosema. Kiswahili chao kilikuwa safi mno, ndiyo, lakini watu wa huko mbele ya mgeni huvaa Kiswahili cha kanisani kama wanavyovaa shati la Jumapili. Yeye alidhani ni heshima. Na kule kufanana? Labda ni msemo wa pale, nani ajuaye.

Thelma alishusha pumzi. Akasema basi, kesho waende wote wawili wakaulize upya, na ikionekana amedanganya, akirudi akusanye vitu vyake.

Mvua ilikuwa imeharibu barabara, ikawa matope matupu.  Njia nzima Félix alikumbuka safari za zamani, ziwa likiwa wazi, alivyokuwa akirudi na samaki hata asiponunua, maana Mununga mgeni haondoki mikono mitupu. Sasa hata harufu ya samaki haikuwepo. Meza za soko zilikuwa wazi, na watu walikula ugali wa mihogo kwa majani ya mihogo, leo na kesho.

Mama Mujinga, mkubwa wa wauzaji, aliwapokea na kuwapa viti. Thelma akamwambia Félix akae mbali, kule kwenye mitumbwi, kisha akawaita wanawake mmoja mmoja. Wa kwanza alikohoa, akanyoosha kitenge chake, akasema, "Ziwa likipumzika, familia nazo hujifunza ustahimilivu." Wa pili vilevile. Wa tatu alikwama katikati, akaomba aanze tena.

Thelma hakuhitaji kusikia zaidi. Alimfuata Félix kwenye mitumbwi, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akamwomba radhi mbele ya watu. Aibu ilimjaa hadi usoni. Félix alitaka kufurahi, lakini uchovu wa wiki nzima ulimshinda, akajikuta analia tu. Kazi yake ilikuwa imepona.

Mama Mujinga alipoona machozi yale alidhani ni ya shukrani, akafurahi, akaja kumpigapiga mgongoni.

"Usilie, mwana. Ulipotuma habari unakuja, ziwa ilikuwa imefungwa, hatukuwa na hata samaki moya ya kukupa. Nikasema, hapana, mutoto hawezi kurudia mikono bule. Tukauliza telefone ya mujukuu wangu Esnart, batu ya bureau, ya ofisi yenu, banapendaka kusikia nini? Ikatupa maneno ile ya muzuri, tukajifunza yote kwa kichwa."

Kisha akamgeukia Thelma kwa adabu, akapiga magoti kidogo.

"Na weye, mama mukubwa, usiende bule. Ngoja Esnart akutafutie yako."