Miezi Mitatu Kwenye Samadi

Buu la kwanza, nene kama dole gumba, lilimpasukia Karisa kiganjani, maji yake meupe yakamchirizika hadi kwenye kiwiko. Alitapika uji wote wa asubuhi.

“Tapika. Ukimaliza, endelea,” alisema Mzee Kombe, akatema tumbaku pembeni. Hata tumbaku hiyo ilimtia Karisa kinyaa.

Mwaka huo wa 1947, ofisi ya kilimo ilikuwa imempa ahadi: ajifunze kazi kwa mkulima hodari miezi mitatu, na mkulima akimsifu, ataajiriwa kuwa bwana shamba, avae kaki na kofia. Akishindwa, atarudi Changamwe kupakua makaa ya mawe na kaka zake. Karani alimwambia aende Junda, kwa Mzee Kombe.

Alipofika Junda alimwuliza mama mmoja njiani.

“Kombe yupi, mwanangu? Hapa wamejaa tele.”

“Yule anayefundisha vijana kazi ya shamba.”

“Anayewafanyisha vijana kazi? Si yule pale kwenye minazi!” Mama alimtazama toka juu hadi chini, akacheka, akaenda zake.

Mzee hakuisoma barua ya karani. Aliichomeka kwenye makuti ya paa. “Barua haichimbi,” alisema. “Wewe wa nani?”

“Wa Katana, mzee, kule Changamwe.”

Mzee akaishika mikono ya Karisa, akaigeuzageuza, kisha akampa jembe.

Lo, kazi gani hiyo! Minazi ilikuwa ikiliwa na chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe, na chonga huzaliana kwenye samadi na magogo yaliyooza. Basi Karisa alishinda ndani ya samadi hadi magotini, akiyafukua mabuu na kuyaponda. Uvundo ulimwingia kwenye nywele, kwenye kucha, mpaka kwenye mate. Kila tonge la ugali aliliona kama donge la kinyesi. Akienda kisimani, watu walimpisha mbali. Nyevu, binti wa mzee, alimletea maji ya kunawa huku ameziba pua kwa leso, akicheka chinichini. Mamake Nyevu naye alichungulia mlangoni kila Karisa alipokula, akinong'onezana na shangazi. Karisa alijua wanamsema kwa uvundo wake, akawachukia wote.

“Wawili walikuja kabla yako,” mzee alimwambia siku moja. “Mmoja alikaa siku nne, mwingine siku tisa. Walitoroka, hata kuaga hawakuaga.”

Karisa hakutoroka. Kinyaa hakikumtoka, usidhani kilimtoka. Mwezi wa pili bado alikuwa akitapika. Lakini siku moja alipanda mnazi ambao wenyewe walikuwa wameshaukatia tamaa, akaona kuti changa limechomoza zima, halina tundu hata moja. Alikaa kule juu akilipapasa kwa furaha. Akajua kwamba duniani hana kazi nyingine ila hii, hii hii chafu inayomtapisha. Makaa ya mawe harudii, hata wamfanye nini.

Siku ya tisini alijisugua kwa mchanga na ndimu. Harufu ikakataa kutoka. Alivaa shati safi hivyo hivyo, akaenda kusimama mbele ya mzee.

“Mzee, miezi yangu imetimia. Naomba neno lako tu. Nimefaa au sikufaa?”

Mzee Kombe alitema tumbaku, akapangusa mdomo, akamkumbatia na uvundo wake wote.

“Umefaa, mwanangu. Umefaa kupita kiasi.”

Karisa alishusha pumzi. Machozi yalimtoka, wala hakuyaficha.

Mzee akageukia nyumbani, akapaza sauti: “Nyevu! Toka nje, mama. Huyu hakukimbia kama wale wachumba wako wawili. Funga mzigo wako, mumeo anakungoja.”