Mistari ya Reki

Kitu cha kwanza alichokiona msichana wa reki ni mistari. Mpira ulikuwa umesharuka, mchanga bado unadondoka, watu wameanza kupiga makofi, lakini macho yake yalibaki mle shimoni. Nyuma ya tundu lililoachwa na pigo, mistari aliyoichora asubuhi kwa reki yake ilikuwa mizima, imenyooka kama nywele zilizochanwa.

"Kagusa!" Sauti ya Mbwembwe ilikata makofi. "Alipovuta fimbo nyuma, kagusa mchanga! Nimeona kwa macho yangu!"

Wabeba mikoba wote wa klabu walikuwa wamelizunguka shimo lile la mchanga. Siku zote hubeba fimbo za wenye gofu. Siku hiyo walikuwa wanacheza wenyewe, na mshindi angeajiriwa msaidizi wa mwalimu, asibebe tena mkoba wa mtu maisha yake yote. Walianza ishirini. Walibaki wawili, Mbwembwe na kaka wa msichana wa reki, nao walikuwa sare. Na sheria ya mchanga anaijua hata mkata nyasi: fimbo isiuguse kabla ya kupiga. Ukigusa mkiwa sare hivyo, umeshindwa.

"Mwongo mkubwa we!" kaka yake alifoka. "Ulikuwa kule kwenye miti. Macho yako yana miguu?"

"Macho yangu hayahitaji miguu. Yanahitaji mwizi tu."

Watu wakacheka. Mwamuzi, mzee mnene aliyekuwa amesimama mbali, penye bendera, akapaza sauti: "Tulieni! Nakuja kuutazama huo mchanga. Mchanga hauna ndugu."

Vijana wakaanza kusogea, kila mmoja anataka kuona. Msichana akalaza mpini wa reki mbele ya miguu yao wasikanyage, kichwa kimeinama kama kawaida yake. Pale kazini walimwita Bubu, ingawa hakuwa bubu. Aliacha shule darasa la tano, mwaka ambao nyumbani iliamuliwa asome mmoja, na tangu hapo maneno yake yalihesabika.

Kaka yake alishusha pumzi, akamkonyeza. Hata kabla ya kupiga alikuwa amemtupia jicho, kama afanyavyo kila anapoingia mchangani, na yeye pale ukingoni alikuwa anasuguasugua visigino kwenye nyasi, cha kushoto, cha kulia, na kaka akachimbia vyake mchangani vivyo hivyo. Miaka miwili walikuwa wanakuja wote uwanjani alfajiri, umande haujakauka, na fimbo moja kuukuu waliyoiokota bwawani. Wengine walipofika kazini, walikuta kaka anafuta fimbo, na dada ameshaulainisha mchanga.

Mwalimu wa klabu ndiye aliyefika kwanza, anatikisa kichwa.

"Kijana, mpira ulikuwa umezama nusu, nawe umeuinua kama yai. Mimi mwenyewe pale sijiamini. Nani kakufundisha?"

"Nani tena, mwalimu?" Kaka yake alicheka, akajipiga kifuani. "Sikufundishwa na mtu. Nimezaliwa nayo hii."

Mwamuzi alikuwa amebakisha hatua kumi.

Reki ikashuka shimoni. Ikapita mara moja, ikapita mara ya pili, taratibu, kama inavyopita kila mchezaji akitoka, mpaka tundu, nyayo na mistari vikawa kitu kimoja.

"Wewe! We mtoto!" kaka yake aliruka. Maji yalikuwa yameshamwagika.

Mwamuzi alifika anahema. Akautazama mchanga, umelala kama shuka lililopigwa pasi.

"Mcheza kwao hutunzwa," kijana mmoja alisema. "Huyu kwao wamemfagia!"

Hakuna aliyecheka sana. Mwamuzi akamgeukia msichana.

"Binti, wewe ulikuwa karibu kuliko sote. Fimbo iligusa, haikugusa? Sema, mama, usiogope."

Alitazama buti zake. Punje za mchanga zilikuwa zimeganda kwenye ncha ya buti la kulia. Walimsubiri. Kaka yake aliita jina lake, taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto ashuke mtini.

Punje moja ikaanguka.

"Haya," mwamuzi akasema. "Ikiwa dada yake wa tumbo moja hana la kumtetea, mimi nitasema nini?"

Mbwembwe akabebwa juu juu, viatu vyake vinapepea hewani.

Kaka yake alimkuta stoo, anasuuza meno ya reki kwenye ndoo. Aliketi juu ya gunia la mbolea. Alitazama mikono yake.

"Kesho nitambebea nani mkoba?" alisema. "Nitasimama pale, Mbwembwe ananiita 'wee kijana, lete fimbo'?"

Yeye aliendelea kusuuza.

"Sikulaumu, mdogo wangu. Mkono una mazoea yake, ukiona nyayo unafuta. Na haya zako nazijua, tumekua wote. Lakini neno moja! Haikugusa. Neno moja tu, dada. Lilikushinda nini?"

Alimwaga maji. Akaitundika reki kwenye msumari wake, meno yakitazama ukutani. Kisha akageuka, na kwa mara ya kwanza siku ile akamtazama kaka yake usoni.

"Ile mistari nilikuwa nakulindia, kaka," alisema. "Mpaka ulipomwambia mwalimu hukufundishwa na mtu."